Hadubini Inayotazama Kilicho Hai: Tuiamini kwa Lipi?

Karibu kila kitabu cha kufundishia elimu ya kinga ya mwili kina mchoro wa mshipa mdogo wa damu uliopasuliwa kwa urefu. Upande wa kushoto seli nyeupe inaelea katika damu. Inagusa ukuta wa mshipa, inabiringika juu yake, inasimama, inajipenyeza kati ya seli mbili za ukuta huo na kutokea upande wa pili, huku mshale mmoja ukiongoza jicho kutoka mwanzo hadi mwisho. Hatua zote zilizochorwa ni za kweli. Kasoro ya mchoro ni yale ambayo mshale wake unayafanya yaonekane kama hayawezekani: kwamba seli inaweza kusita njiani, kutambaa kinyume cha mkondo wa damu, kutafuta mwanya mwingine, au kuvuka nusu kisha ikarudi ndani ya mshipa ilikotoka. Mambo hayo yalithibitika pale watafiti walipoweza kukaa na mshipa mmoja, ndani ya mnyama aliye hai, na kuufuatilia dakika baada ya dakika.

Mbinu hiyo, ambayo hapa nitaiita hadubini hai kwa ufupi, imepata heshima kubwa katika miongo miwili iliyopita, na kwa sehemu kubwa inaistahili. Hata hivyo naona kwamba heshima hiyo imegawiwa bila uangalifu. Filamu ya seli inayopenya ukuta wa mshipa humshawishi mtazamaji kwa namna ambayo jedwali la takwimu haliwezi, na ushawishi huo humfanya aamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba tukio lilitokea kwa mpangilio ule alioutazama, na kwamba ndivyo linavyotokea mwilini, kwa wingi ule na kwa kasi ile. Jambo la kwanza lina msingi imara. La pili mara nyingi halina, kwa sababu ili kuutazama mshipa huo mtafiti amelazimika kuufikia, na kuufikia ni kuujeruhi.

Tatizo hili ni la zamani kama mbinu yenyewe. Mwaka 1824 Henri Dutrochet wa Ufaransa aliripoti kuona chembe za damu zikitoka katika mishipa ya mkia wa kiluwiluwi, na mwaka 1846 Augustus Waller akaeleza jambo kama hilo katika ulimi wa chura. Habari hizo hazikuitikisa elimu ya wakati wao. Aliyeitikisa ni Julius Cohnheim, ambaye mwaka 1867 alichapisha uchunguzi wake juu ya uvimbe na usaha. Alimlegeza chura kwa sumu ya kurare ili asitikisike, akautoa nje utando mwembamba unaoshikilia utumbo wake, akautandaza chini ya hadubini na kuketi kuutazama kwa saa nyingi. Aliona seli nyeupe zikijipanga kando ya kuta za vena ndogo, kisha vijinundu vidogo visivyo na rangi vikichomoza upande wa nje wa ukuta, vikikua, hadi seli nzima ikawa nje. Usaha, kwa hiyo, ulikuwa umetoka katika damu. Mwalimu wake Rudolf Virchow alikuwa akifundisha kwamba seli za usaha huzaliwa papo hapo kutokana na seli za tishu iliyoumia, na ushahidi wa mwanafunzi wake ulielekea upande mwingine kabisa.

Watu husahau kwamba Cohnheim hakulazimika kumdunga chura huyo kitu chochote cha kuleta uvimbe. Kuutoa utando nje na kuuacha ukiguswa na hewa kulitosha. Hakulificha hilo; lilikuwa ndiyo njia yake ya kuuanzisha uvimbe aliotaka kuuchunguza. Katika jaribio lake maandalizi na ugonjwa vilikuwa kitu kimoja, naye alijua. Waliomfuata hawakulikumbuka jambo hilo nyakati zote.

Baada yake ilibaki kueleza jinsi seli inavyoweza kusimama katika mkondo unaokimbia. Neutrofili, ambayo ndiyo seli nyeupe inayowahi zaidi kufika penye jeraha, ina kipenyo cha takriban maikromita 10, na katika vena ndogo damu huipitisha kwa kasi ya mamia ya maikromita kwa sekunde au zaidi. Jibu lilikamilika kati ya miaka ya 1980 na 1990, na uamuzi ulipatikana nje ya mwili, katika vyombo bapa vya kioo ambamo maji hupitishwa kwa nguvu inayopimika. Mwaka 1991 Michael Lawrence na Timothy Springer walionyesha kwamba neutrofili zilizopitishwa juu ya selektini P, protini ya ukuta wa mshipa inayoishika seli kwa ulegevu, zilibiringika polepole, lakini juu ya ICAM-1, yaani protini inayoshikwa na integrini (protini za kushikia zilizo juu ya seli nyeupe), hazikuweza kujishikiza zenyewe mkondo ulipokuwa na nguvu. Zilihitaji kwanza kupunguziwa mwendo na selektini, kisha kuamshwa na ishara ya kemikali. Mwaka huohuo Eugene Butcher alieleza kanuni ya jumla ya hatua hizo: kubiringika, kuamshwa, kushikamana, kisha kupenya. Kila hatua ina molekuli zake, na mchanganyiko wa molekuli hizo ndio unaoamua seli ipi itoke wapi.

Ninakitaja chombo cha kioo kwa makusudi. Hadubini hai ilikuwa imeonyesha kubiringika tangu karne ya 19, lakini haikuweza peke yake kusema ni molekuli ipi inayofanya kazi ipi, kwa kuwa ndani ya mshipa zote zipo kwa wakati mmoja. Ilichoweza kufanya, na ilichofanya vizuri mara panya wenye upungufu wa jeni maalumu walipopatikana, ni kuthibitisha kwamba kinachoonekana katika kioo hutokea pia mwilini. Sababu ilitafutwa mahali ambapo kila kitu kinaweza kutenganishwa, na mfuatano ukathibitishwa mahali ambapo hakuna kilichotenganishwa. Mgawanyo huo wa kazi unafaa hadi leo, na makala nyingi za utafiti hudhoofika pale zinapoutaka upande mmoja ufanye kazi ya pande zote mbili.

Uwezo halisi wa hadubini hai hudhihirika katika swali la njia na mwelekeo. Hadubini ya elektroni, iliyotawala uchunguzi wa kuta za mishipa kuanzia miaka ya 1960, huona vitu vidogo mno ambavyo mwanga wa kawaida hauwezi kuvitofautisha, lakini huona tishu iliyokwisha kufa na kukaushwa. Ukipiga picha ya mtu aliyesimama kizingitini, huwezi kujua kama anaingia, anatoka, au ameshika mwimo anaongea na walio ndani. Ndivyo ilivyokuwa kwa seli iliyokutwa nusu ndani na nusu nje ya ukuta. Mtafiti aliijazia mwelekeo aliouamini tayari, na kwa kuwa kila mtu aliamini kwamba safari ni ya kutoka, kila seli ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa inatoka.

Mabishano juu ya njia yalikuwa ya aina hiyo pia. Je, neutrofili hupita kati ya seli mbili za endothelia, yaani seli zinazotandika ukuta wa ndani wa mshipa, au hutoboa moja kwa moja mwili wa seli moja? Mwaka 1998 uchunguzi wa hadubini ya elektroni katika ngozi ya simbilisi, uliofuata vipande vyembamba vilivyokatwa kwa mfululizo, ulionyesha seli zilizopita kwa kutoboa, na matokeo hayo yakawashangaza wengi. Baadaye, watafiti walipopaka rangi mipaka ya seli za ukuta ndani ya panya aliye hai na kufuatilia neutrofili moja moja katika vipimo vitatu vya nafasi, iliwezekana kuhesabu badala ya kukisia. Katika mishipa iliyofuatiliwa hivyo, sehemu kubwa sana ya seli zilipita kati ya seli na seli, na chache zikatoboa. Njia zote mbili zipo. Uwiano wake hubadilika kulingana na tishu, aina ya seli na kichocheo, na ndiyo maana sioni faida ya kuendelea kuuliza ni ipi iliyo njia halisi.

Jambo lililonivutia zaidi ni la kurudi. Mwaka 2006, kundi la Anna Huttenlocher nchini Marekani lilitumia samaki mdogo anayeitwa zebrafish, ambaye akiwa mchanga mwili wake hupitisha mwanga, na kuonyesha kwamba neutrofili zilizofika penye jeraha ziliondoka tena zikiwa hai na kurejea katika mishipa. Hadi wakati huo maelezo yaliyozoeleka ni kwamba neutrofili hufia kazini kisha mabaki yake humezwa na makrofaji, yaani seli kubwa za kinga zinazokula mabaki. Mwaka 2011 kundi la Sussan Nourshargh mjini London likaripoti jambo la karibu katika panya, kwa kutazama msuli mwembamba unaozunguka korodani: baadhi ya neutrofili zilizokuwa zikivuka ukuta wa vena zilirudi nyuma na kuingia tena katika damu, na hilo liliongezeka pale msuli uliponyimwa damu kwa muda kisha ukarudishiwa. Watafiti walilihusisha na kupungua kwa protini iitwayo JAM-C kwenye maungio ya seli za ukuta, na wakaona dalili kwamba seli zilizorudi zilikuwa zimeamka na huenda zinachangia madhara katika mapafu, mbali na msuli ulioumia.

Tuangalie ni nini kilichohitajika ili jambo hilo lionekane. Picha ya pande mbili isingetosha, kwa maana seli iliyo chini ya mshipa na seli iliyo ndani yake huangukia doa lilelile. Ilibidi kupiga mrundo wa picha za kina mbalimbali, kuurudia kila baada ya muda mfupi kwa zaidi ya saa moja, kuupaka rangi mpaka wa kila seli ya ukuta, na kuwa na panya ambaye neutrofili zake zinang'aa zenyewe. Kung'aa huko kunatokana na protini ya konyeza aitwaye Aequorea victoria, ambayo Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962. Yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008 kwa kazi ya kuigundua na kuiendeleza. Bila vitu hivyo vyote kwa pamoja, seli inayorudi ingeendelea kuhesabiwa miongoni mwa zinazotoka.

Halafu likaja jambo lililofanya maana ya kurudi iwe ngumu zaidi kueleza. Mwaka 2017 kundi la Paul Kubes nchini Kanada lilichoma sehemu ndogo ya ini la panya kwa joto na kufuatilia neutrofili zilizofika hapo. Seli hizo zilisafisha mabaki ya mishipa iliyokufa na kusaidia kuandaa njia ya mishipa mipya, kisha nyingi zikarudi katika mkondo wa damu, zikapitia mapafuni na kuishia katika uboho, ambako zilikufa. Hapo kurudi kulionekana kuwa sehemu ya kupona, wakati katika msuli ulionyimwa damu kulihusishwa na kusambaza madhara. Wapo wanaolichukulia hili kuwa ni mgongano wa matokeo. Mimi naona ni tishu mbili, majeraha mawili, na pengine matukio mawili tofauti yaliyopewa jina moja kwa sababu kwenye filamu yanafanana. Mwelekeo wa seli, hata ukithibitishwa kabisa, hausemi seli hiyo inabeba nini.

Sasa tuligeukie jeraha la kutazama lenyewe. Katika tishu nyingi zinazopendwa na watafiti, kama vile utando wa utumbo na msuli wa korodani, mnyama hulazwa kwa nusukaputi, ngozi hupasuliwa, tishu hutolewa nje, hutandazwa na kumwagiwa maji yenye chumvi na joto la mwili. Seli za endothelia huhifadhi selektini P tayari ndani ya vifuko vidogo vilivyogunduliwa mwaka 1964 na Ewald Weibel na George Palade, na vifuko hivyo vikichokozwa humwaga yaliyomo juu ya seli katika muda wa dakika chache. Kwa hiyo mpasuo peke yake huifanya vena iliyokuwa tulivu ijae seli zinazobiringika. Panya walioondolewa jeni la selektini P, walioelezwa mwaka 1993, walidhihirisha hili kwa namna isiyo na utata: katika vena zao zilizotolewa nje, kubiringika kulikaribia kutoweka. Hata hivyo, utando wa tumbo lao ulipochokozwa kwa kemikali, neutrofili zilichelewa tu, kisha zikafika.

Matokeo hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja. La kwanza linaonyesha kwamba kubiringika kunakopigwa picha nyingi hivyo kwa kiasi kikubwa ni jibu la tishu kwa kisu. La pili linaonyesha kwamba kipimo kilichobadilika sana chini ya hadubini kilibadilika kidogo katika matokeo yanayomhusu mgonjwa. Mtu anayesoma taarifa isemayo kwamba dawa fulani ilipunguza kubiringika kwa sehemu kubwa katika filamu anapaswa kujiuliza ni kubiringika kupi kulikopungua: kule kwa ugonjwa, au kule kwa upasuaji.

Nusukaputi nayo ina mchango wake. Dawa za kulaza hubadilisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na pamoja navyo nguvu ya mkondo inayosugua ukuta wa mshipa; nguvu hiyo ndiyo inayoamua kama seli itashika, itabiringika au itachukuliwa. Joto la tishu likishuka kidogo, mwendo wa seli hushuka. Tishu ikivutwa kupita kiasi ili itulie, mishipa hubanwa. Kila moja ya mambo haya linaweza kudhibitiwa na maabara makini huyadhibiti, lakini lazima yaandikwe. Hapa ndipo ninapokosa subira: katika makala nyingi msomaji hupewa rangi ya protini kwa undani wa kupendeza, wala haambiwi ni dakika ngapi zilipita kati ya mpasuo na picha ya kwanza.

Mwanga pia unajeruhi. Hadubini ya fotoni mbili, iliyoelezwa mwaka 1990 na Winfried Denk, James Strickler na Watt Webb kwa kufuata nadharia ambayo Maria Göppert-Mayer aliitoa mwaka 1931, ilipunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa. Badala ya fotoni, yaani chembe ya mwanga, moja yenye nishati kubwa, rangi huamshwa na fotoni mbili dhaifu zinazofika kwa pamoja, jambo linalotokea tu pale leza inapokusanywa kuwa nukta. Tishu iliyo juu na chini ya nukta hiyo husalimika zaidi, na mwanga wa karibu na infraredi hupenya mamia ya maikromita, ilhali mbinu ya konfokali, inayotumia leza ya fotoni mojamoja, mara nyingi huishia kwenye tabaka la juu. Ndiyo iliyowezesha kutazama ndani ya tezi za limfu, ubongo na uboho. Hata hivyo leza hiyohiyo, ikiongezwa nguvu kidogo, ndiyo ambayo watafiti hutumia kwa makusudi kuchoma doa dogo ili waone neutrofili zikilikimbilia kwa makundi. Kati ya nguvu ya kutazama na nguvu ya kuchoma hakuna ukuta, kuna mteremko. Seli ikifa pembeni mwa picha bila kuonekana, majirani zake watalijua hilo kabla ya mtafiti.

Rangi zenyewe si watazamaji tu. Mipaka ya seli za ukuta mara nyingi huonyeshwa kwa kingamwili inayonata kwenye PECAM-1, protini ambayo yenyewe hushiriki katika kuipitisha seli nyeupe. Kingamwili inaweza kuchaguliwa isiyozuia kazi hiyo, na dozi ikawekwa ndogo, lakini uthibitisho ni juu ya anayeitumia. Ninawaheshimu wanaochukua taabu ya kupima idadi ya seli zilizotoka katika wanyama wasiopakwa rangi wala kupasuliwa, kwa kukusanya tishu baadaye na kuhesabu, ili kuona kama kilichoonekana katika filamu kinalingana na kilichotokea pasipo mtazamaji. Kipimo hicho kinachosha, tena hakina picha ya kuvutia, na ndicho kinachoipa filamu uzito.

Kutofautiana kwa viungo ni eneo jingine ambalo hadubini hai imetufaa sana. Kanuni ya hatua nne ilijengwa zaidi juu ya vena ndogo za misuli, ngozi na utando wa utumbo. Katika ini mambo ni tofauti: mishipa ya sinusoidi ni myembamba, mkondo wake ni wa polepole, na neutrofili huweza kushikamana humo bila kubiringika juu ya selektini. Katika mapafu, kapilari nyingi ni nyembamba kuliko neutrofili yenyewe, hivyo seli hulazimika kujirefusha ili ipite, na kukwama si ishara ya lazima ya uvimbe. Mapafu yalikuwa kikwazo kikubwa kwa sababu hayatulii. Mwaka 2011 watafiti wa San Francisco walionyesha namna ya kuyatuliza kwa kidirisha chenye mvutano mdogo wa hewa, na tangu hapo yamekuwa yakitazamwa yakiwa yanapumua. Sidhani kwamba kanuni ya hatua nne imevunjika kwa sababu ya viungo hivi. Imepata mipaka, na ni vizuri wanafunzi wakaambiwa mipaka hiyo siku ileile wanapofundishwa kanuni.

Katika ubongo na uti wa mgongo, mipaka hiyo ilihusu maisha ya wagonjwa. Natalizumab ni kingamwili inayofunga mnyororo wa alfa-4 wa integrini, na iliidhinishwa nchini Marekani mwezi Novemba 2004 kwa ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ambao seli za kinga huingia katika mfumo wa neva na kuharibu ala ya nyuzi zake. Mwezi Februari 2005 ilisimamishwa baada ya baadhi ya wagonjwa kupata maambukizi hatari ya ubongo yanayosababishwa na virusi vya JC, na mwaka 2006 ikarudishwa kwa masharti makali. Dawa iliyozuia seli za madhara kuingia ilizuia pia zile zinazolinda. Miaka michache baadaye, mwaka 2009, uchunguzi wa fotoni mbili katika panya wa maabara ulionyesha seli T, aina nyingine ya seli nyeupe, zikitambaa ndani ya mishipa ya utando wa ubongo kwa muda mrefu, mara nyingi kinyume cha mkondo, kabla ya kutoka, na kutambaa huko kukakoma zilipopewa kingamwili dhidi ya integrini hiyo. Filamu ilikuja baada ya dawa. Haikuizaa dawa wala isingetabiri virusi, lakini ilionyesha ni hatua ipi hasa inayokatizwa, jambo ambalo kipimo cha damu wala kipande cha tishu kisingeweza kulionyesha.

Mwaka huohuo wa 2009 efalizumab, dawa ya ugonjwa wa ngozi wa soriasisi iliyolenga integrini nyingine inayopatikana kwenye seli nyingi nyeupe, iliondolewa sokoni kwa sababu ya maambukizi hayohayo ya ubongo. Vedolizumab, iliyoidhinishwa mwaka 2014, ilichagua integrini ya alfa-4 beta-7 inayoelekeza seli kwenye utumbo, na kwa hiyo inatibu uvimbe wa utumbo bila kufunga kwa kiwango hicho njia ya kuingilia ubongo. Watoto wanaozaliwa bila mnyororo wa CD18 wa integrini wanatukumbusha gharama ya kuifunga njia yote: damu yao imejaa neutrofili, vidonda vyao havitungi usaha, kitovu chao huchelewa kudondoka, na maambukizi ya kawaida yanaweza kuwaua. Kwa hiyo kujua seli ipi hutoka wapi kwa molekuli ipi ni swali la tiba, nalo ndilo sababu ya kutosha ya kuwavumilia watafiti na vioo vyao vya gharama.

Takwimu za uwanja huu zinahitaji ukali zaidi. Mtafiti mmoja anaweza kufuatilia mamia ya seli katika panya wachache, kisha akazihesabu seli hizo kana kwamba kila moja ni jaribio linalojitegemea. Sivyo ilivyo. Seli zilizo katika vena moja zinagawana mkondo uleule, jeraha lilelile na dawa ileile ya usingizi, na kipimo cha uhakika kinapaswa kuhesabu wanyama. Tena vena yenyewe haikuchaguliwa kwa kura. Ilichaguliwa kwa kuwa imenyooka, iko karibu na uso na inaonekana vizuri. Kadiri tukio lilivyo adimu, kama lilivyo lile la kurudi, ndivyo uchaguzi huo unavyoweza kulikuza au kulificha. Wahariri wa majarida wangeweza kulirekebisha jambo hili bila gharama yoyote kwa kudai kwamba kila filamu iambatane na idadi ya wanyama, dakika tangu mpasuo, nguvu ya leza kwenye tishu, joto, na filamu ya kulinganisha ya mshipa ambao haukuchokozwa kwa lolote zaidi ya maandalizi.

Suala la binadamu halitatatuliwa na hadubini iliyo bora zaidi peke yake. Neutrofili ni takriban asilimia 50 hadi 70 ya seli nyeupe katika damu ya mtu mzima mwenye afya, ilhali katika panya wa maabara kwa kawaida ni kati ya asilimia 10 na 25, na baadhi ya molekuli za kuziita seli hizo hazilingani kati ya viumbe hao wawili. Tishu za mtu haziwezi kutolewa nje na kutandazwa kwa saa tatu. Kwa hiyo pale swali linapokuwa ni kwa mpangilio gani na kwa mwelekeo upi, nitaendelea kumsikiliza kwanza aliyemtazama panya aliye hai. Swali likiwa ni seli ngapi na kwa kasi gani, nitamwomba anionyeshe hesabu za wanyama ambao hakuwapasua, na hesabu za wagonjwa zilizochukuliwa na watu wengine kwa njia nyingine, kabla sijaukubali mwendo niliouona kwenye filamu.